Keki ya Boga ya Watu Wasioonana

Keki ya boga ninayopika mimi ni rahisi kiasi kwamba naona haya kuisifia. Bakuli moja, mwiko mmoja, trei moja. Haina krimu, haina ghorofa, haina maandishi ya hongera juu yake. Unaponda boga, unalichanganya na mayai, sukari na samli, unatia unga wa ngano na bekingi pauda, mdalasini, iliki na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, unamimina, unaoka, unakata vipande vya mraba. Mama yangu alinifundisha kule Njombe, kwenye baridi, na nilipopangiwa zahanati moja huku kata ya Kemambo, kwa Wakurya, nilikuja na ujuzi huo pamoja na vyeti vyangu vya uuguzi. Oveni sina. Naweka sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, natia mchanga chini, naingiza trei niliyotengenezewa na fundi mabati wa Nyamisangura, nafunika, kisha napanga makaa mengine juu ya mfuniko. Baada ya hapo nakaa kwenye kigoda na kumwomba Mungu isiungue.

Msimu wake hapa ni mwezi wa saba na wa nane. Mahindi yamevunwa, asubuhi kuna ubaridi wa kuvaa sweta, maboga yamerundikwa kila nyumba, na haipiti Jumamosi bila kusanyiko: jumuiya, harusi, kikao cha ukoo, shukrani ya mtoto. Watu wa huku wamelila boga tangu utotoni, la kuchemsha, pamoja na chai ya maziwa. Nilipolipeleka mara ya kwanza likiwa keki walicheka hadi wakashika mbavu. "Mura," mzee mmoja aliniambia, yaani kijana kwa Kikurya, "boga umelivalisha suti!" Lakini walimaliza trei. Tangu siku ile nikialikwa mahali sikuulizwa kama nitakuja, niliulizwa kama nitakuja na trei. Nikavimba kichwa. Nakiri mapema kwa sababu kichwa hicho ndicho kilichoniponza.

Mwaka ninaousimulia, mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza tulizipoteza, ya pili ikiwa na miezi sita, na sitaki kuandika zaidi ya hapo. Yeye ni mwalimu, Mkurya wa upande wa Serengeti. Safari hii daktari wa mjini alimwambia alale tangu mwezi wa tano hadi ajifungue, asiinue hata ndoo ya lita kumi. Mimi nilikuwa na zamu, na zahanatini tulikuwa wauguzi wawili tu. Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Aliyebaki wa kukaa na mke wangu ni mmoja, mama yake. Bila yeye, mke wangu angebaki peke yake na kitanda na dumu la maji, na mimi ningekuwa nafunga vidonda vya watu huku nasikiliza kama simu inaita.

Alifika mwezi wa sita, akiwa nyuma ya bodaboda, amekaa upande kama malkia.

Mke wangu alikuwa amenionya. "Kwetu mkwe na mama mkwe wana soni," alisema. "Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Hamkai chumba kimoja. Ukimwona anakuja, unampisha." Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mkoa mwingine. Wakati wa mahari nilimwona mama huyu kwa mbali tu, kanga kichwani, nikadhani ni mambo ya sherehe, yakiisha sherehe yameisha. Nilifikiri pia, nisifiche, kwamba mimi nitakuwa mkwe wa tofauti, mchangamfu, wa kisasa, na kwamba akishanizoea atanipenda.

Basi nikakimbia hadi barabarani. Nikachukua begi. Nikauchukua na mkono wake, kwa mikono yangu yote miwili, nikasema, "Shikamoo mama!" kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto Mara. Aliniachia mkono kama watoto wanavyoniachia nikiwa na sindano. Nikamwingiza sebuleni. Nilikuwa nimesonga ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi, na nimechinja jogoo. Nikamnawisha mwenyewe, nikampakulia mwenyewe, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Karibu mama," nikasema, "hapa ni nyumbani."

Alijifunika kanga usoni, akainuka, akatoka.

Nikadhani ameenda chooni. Nikafunika chakula kisipoe. Nikasubiri, nikasubiri, mwisho nikala paja la jogoo, kwa sababu mtu hawezi kutazama paja kwa nusu saa bila kulila. Kumbe alikuwa ameshafika kwa jirani yetu, mama mmoja mjane wa makamo, na huko ndiko alikokula uji na kulala usiku ule. Mke wangu aliponiuliza kutoka kitandani nimefanya nini, nikamjibu kwa kuudhika kwamba nimempa mgeni chakula, kama ni kosa nishtakiwe. Alicheka, kisha akageukia ukutani, na nilipomshika bega nikakuta analia.

Wiki mbili zilizofuata mama mkwe alikuja kila asubuhi kumwogesha binti yake na kumsuka nywele. Nikiingia, anatoka. Nikitoka, anaingia, lakini kwa wasiwasi, sikio likiwa mlangoni. Hakula hata punje chini ya bati langu. Alikula kwa jirani, na kwa jirani naye aliona aibu kula kila siku, kwa hiyo akawa anakula kidogo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alitaka jembe tangu siku ya kwanza, ila sikumwachia la kushika. Nilifua mimi, nilifagia mimi, nilipika mimi. Nilivyoona hali, nikaongeza bidii: pilau, sato wa kukaanga, na siku moja trei nzima ya keki ya boga, boga la kwanza la msimu. Niliweka vipande viwili kwenye sahani ya maua na kuiacha pale anapopenda kuota jua. Nilirudi jioni nikakuta kuku wanaimalizia.

Siku hiyohiyo mke wangu aliniambia mama yake amefunga begi. Jumamosi angerudi kwao.

"Amesema kwa nini?"

"Anasema hapa hana pa kukaa."

Mimi nina hasira za karibu. Nilitoka nimevaa ndala tofauti, nikaenda kwa jirani kumshtaki mama mkwe kwake, kana kwamba jirani ni hakimu. Nikamwambia nimefanya kila kitu, nimepika kila kitu, nyumba nzima ni ya kwake, sasa pa kukaa anataka wapi, juu ya paa?

Jirani alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuacha kupukuchua.

"Dokta," akasema, "wewe ndiye unamfukuza."

"Mimi?"

"Wewe, mura. Mwanamke mzima ametoka kwao kuja kulea binti yake, unamnyang'anya jiko. Asubuhi uko jikoni. Mchana ukitoka kazini, uko jikoni. Akigeukia uani, huyo unakuja na beseni. Atapika saa ngapi? Atakula wapi, machoni pako? Mama mkwe hali machoni pa mkwe. Hata akifa njaa hali."

"Lakini ninamsaidia!"

"Unamsaidia sana," alisema. "Punguza."

Nilikaa juu ya gunia la mahindi, nikachukua gunzi nikaanza kupukuchua na mimi. Nilikuwa nimeshamwona yule mama kama mtu wa kale mwenye roho ngumu. Haikunijia kabisa kwamba wema wangu ulikuwa umejaa nyumba nzima, haukumwachia hata pa kupitisha mguu. Nikamwonea huruma, nikajionea na aibu, yote kwa pamoja. Nikamuuliza jirani kama bado kuna muda. Akasema leo ni Jumatano.

Jioni ileile nilihama jiko. Nilichukua jiko langu la mkaa, sufuria langu, mchanga wangu na trei yangu, nikahamia nyuma ya nyumba, chini ya upenu wa banda la kuku. Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ambayo nilijua inapenya ukuta, kwamba kuanzia sasa jikoni sitaingia, na kwamba kabla ya kupinda kona yoyote ya nyumba hii nitakohoa mara mbili. Asubuhi nilipokuwa navaa viatu vya kazi nikasikia masufuria yanagongana jikoni. Sikuthubutu kuchungulia.

Shida ikawa moja. Jumamosi hiyo jumuiya ilikuwa inakutana kwa yule jirani, nami nilishaahidi trei mbili. Boga langu, kubwa, la kijivu, lilikuwa limebaki jikoni. Ijumaa nilirudi kazini saa nane, nikazunguka nyumba nakohoa kama mgonjwa wa kifua, nikifikiria nitalipataje lile boga bila kuvunja ahadi ya siku mbili tu. Nilipofika kwenye upenu wangu nikakuta kigoda, na juu ya kigoda bakuli lililofunikwa kitambaa safi. Ndani kulikuwa na boga, limeshapikwa, limeshapondwa.

Niliingiza kijiko. Lilikuwa zito, limesimama, halina maji. Hapo niseme kosa langu la miaka yote: mimi boga nalichemsha kama viazi, linakunywa maji, halafu nalazimika kuongeza unga, na keki inakuwa ngumu pembeni. Watu walikuwa wanaisifia kwa ukarimu tu. Yeye alikuwa ameliweka juu ya vijiti ndani ya sufuria, maji kidogo sana chini, likaiva kwa mvuke, kisha akalikamua kwenye kitambaa. Vijiti hivyo alivitupa karibu na banda, nadhani makusudi, nivione.

Keki ya Jumamosi ile ndiyo keki ya kwanza ya boga niliyowahi kupika. Zile za nyuma zilikuwa mikate yenye rangi. Nilizipeleka trei kwa jirani, nikaziweka mezani pamoja na vyakula vya watu wengine, nikaenda zangu zamu. Chakula kikishafika kwenye kusanyiko kinakuwa cha kusanyiko, hakiulizwi kimetoka bati gani. Jioni jirani alinisimamisha njiani. Alinong'ona kama mtu anayetoa siri ya serikali: mama mkwe amekula vipande viwili, na cha tatu amekifunga kwenye ncha ya kanga.

"Na begi?" nikauliza.

"Begi gani?" akasema, akaendelea na safari yake.

Basi ndivyo tulivyoanza kupika pamoja, watu wawili wasioonana. Kila Ijumaa bakuli lilikuwa juu ya kigoda. Mimi naoka, nakata, vipande vingine naviacha palepale juu ya kigoda, vingine vinaenda kwenye shughuli za watu. Sikuwahi kumwona akichukua. Maoni yake niliyapata kwenye bakuli lililofuata. Wiki moja kulikuwa na donge la samli ya kienyeji pembeni, kubwa kama ngumi ya mtoto, maana yake ile yangu ya dukani hakuipenda. Wiki nyingine pakiti yangu ya sukari ilirudi imefungwa kwa kamba, mafundo matatu. Nikapunguza sukari. Ilipokuwa zamu ya mdalasini alikiacha kikopo chote wazi juu ya kigoda, nami nikaelewa kwamba hapo sijakosea.

Mke wangu alinenepa. Alikuwa analala katikati yetu kama ofisi ya posta. "Mwambie mama boga la leo ni zuri." "Mama anasema ni la shamba la jirani, si la kwako, la kwako lina nyuzi." "Mwambie asante." "Anasema asante ya nini, kwani boga amelizaa yeye?" Alikuwa akizipeleka salamu hizo huku anashika tumbo kwa mikono miwili, asicheke sana.

Siku moja nilisahau kukohoa. Nilikuwa nimetoa trei kwenye moto, nimeishika kwa matambara, nakimbilia dirishani kumwonyesha mke wangu jinsi ilivyoumuka, na kwenye kona tukakutana uso kwa uso, hatua moja. Yeye akageukia ukuta, kanga juu. Mimi nikageukia ukuta upande wangu. Njia ni nyembamba, mgongo kwa mgongo, hakuna anayeweza kupita bila kumgusa mwenziwe, na trei ilikuwa inaniunguza vidole. Chini kuna matope, siwezi kuiweka. Nikawa narukaruka mahali pamoja. Mke wangu alikuwa anaona yote dirishani.

"Mungu wangu," akasema, "mnachunga nini hapo ukutani?"

Nilisikia nyuma yangu mtu anavuta pumzi, halafu miguu ikatembea kwa ubavu, kama kaa, taratibu, ikapinda kona. Vidole vilivimba siku tatu. Zahanatini niliwaambia wagonjwa nimeungua kwa chai.

Mwezi wa saba ukasonga. Mimba ilipovuka miezi saba, ambako ile ya pili haikufika, sikulala siku mbili. Nilikuwa namsikiliza mke wangu anavyopumua. Ilipovuka minane nikaanza kununua nepi moja moja nikizificha chini ya mashuka ya zahanati. Mama mkwe hakuondoka kitandani kwa binti yake isipokuwa kupika na kupanga yale mabakuli. Siku za zamu ndefu nilikuwa nafanya kazi nikiwa na amani ambayo nilikuwa sijawahi kuijua tangu nioe. Nilijua nyumbani kuna mtu. Nilitamani kumwambia hivyo na sikuwa na njia, kwa sababu kuna maneno huwezi kumtuma mke wako ampelekee mama yake.

Mtoto alizaliwa hospitalini mjini, mchana, mwezi wa tisa umeingia, wa kike, analia kwa nguvu za kutosha. Mama mkwe alikuwa ndani. Mimi, muuguzi, niliwekwa nje kwenye benchi kama baba mwingine yeyote, na nilipoitwa kumwona mtoto wangu nilikohoa mara mbili mlangoni kabla ya kuingia. Wakunga walidhani nina mafua. Ndani walikuwepo mke wangu na mtoto tu. Dirisha la upande wa pili lilikuwa wazi, na kwa nje yake niliona ncha ya kanga.

Baada ya wiki sita mama mkwe alitaka kurudi kwake kuandaa shamba, na mara hii hakuna aliyemfukuza. Siku moja kabla ya safari wanawake wa jumuiya walikuja kumwona mtoto. Nilioka trei tatu. Boga alilipika yeye, mwisho mwisho wa maboga, na nikaingiza vipande sebuleni kabla wageni hawajafika, nikarudi jikoni na kuvuta pazia. Jikoni nilikuwa na ruhusa siku hiyo, kwa kuwa sebule ilikuwa ya wanawake.

Walipoondoka nikadhani sebule imebaki tupu. Nikasikia sahani. Nikasikia mtu anatafuna, polepole, kama mtu mzima asiye na meno yote, upande wa pili wa pazia, ndani ya nyumba yangu. Nikabaki nimeshika mwiko. Sikukohoa, kwa kuogopa kwamba ataacha.

Alimaliza. Kisha akaanza kuzungumza na mtoto aliyekuwa mapajani mwake, kwa Kiswahili, wakati siku zote na mjukuu wake alikuwa akizungumza Kikurya. Aliongea kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtoto wa wiki sita.

"Mjukuu wangu. Mwambie baba yako nimekula."

Nikasikia sahani ikiwekwa chini.

"Mwambie hivi. Bibi yako ni mzee. Siku yangu ikifika, watu watajaa pale kwangu Serengeti, na wataleta mikate ya dukani, mikavu. Mimi siitaki hiyo. Mwambie aje yeye, na sufuria lake. Apike hii ya boga, watu wangu wale. Wakiuliza ni nani amepika, waambiwe ni mwanangu."

Nilikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye mlango wa kabati. Nilikuwa nampenda yule mama. Nilikuwa nampenda kabisa, na nilikuwa sijawahi kuuona uso wake kwa zaidi ya dakika moja. Nilifuta macho kwa kitambaa cha kukamulia boga, nikasogea karibu na pazia, nikaongea na mtoto wangu.

"Binti yangu," nikasema, "mwambie bibi yako baba amesikia. Mwambie nitakuja. Lakini mwambie asiwe na haraka, boga la siku hiyo bado halijapandwa, na mbegu zake sina mimi, anazo yeye."

Halafu bibi akacheka. Karibu miezi minne tukipika pamoja, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Alicheka hadi mtoto akashtuka na kuanza kulia, na kutoka chumbani mke wangu akauliza kuna nini, na sisi wawili tukacheka, kila mmoja upande wake wa pazia.